Safari ya Misri na Swali la Udaktari



Katika pwani yetu leo, kijana akifaulu vyema masomo ya sayansi haichukui muda illa jamaa zake humwambia, "Wewe utakuwa daktari." Hilo ni neno la kheri, na sisi hatulipingi. Lakini nafasi katika vyuo vya nyumbani ni chache kuliko wanaozitaka, basi macho ya wazee huelekea ng'ambo: Misri, Uturuki, India, China, Urusi. Na hapo ndipo huanza maswali yasiyokuwa na mwenye kuyajibu. Kijana apelekwe wapi? Kwa mali gani? Na akirudi, je, watu wa kwao watamkubali kuwa tabibu?

Mwaka 2024 Mwenyezi Mungu alitujaalia kufika Cairo. Jirani yetu mmoja hapa Tanga ana kijana aliyefaulu kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na alitutaka tufuatane nao kwa kuwa tumesoma Kiarabu tangu utotoni na twakifundisha chuoni. Mzee huyo ana shamba la minazi Pangani alilorithi kwa babu yake, na amekwisha kupata mnunuzi. Akatuambia, "Maalim, kabla sijatia saini, nataka kuona kwa macho yangu ninakomtupa mwanangu." Twaona fikra yake ni njema, na kwa sababu hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona na tuliyoyauliza.

MJI WENYEWE

Cairo iliasisiwa mwaka 969 na Jawhar, jemadari wa Mafatimiya, na mwaka uliofuata ukaanza kujengwa msikiti wa Azhar. Ni mji mkubwa usiolala. Magari yake hupiga honi kama kwamba honi ndiyo inayoyaendesha. Vumbi la jangwa limetua juu ya kila paa, na katikati ya vumbi hilo mto wa Nile hupita taratibu, kama mzee asiyeshughulika na makelele ya watoto.

Siku ya kwanza tulimsemesha dereva wa teksi kwa Kiarabu cha vitabuni, kila neno na irabu yake. Dereva alitutazama katika kioo, akacheka kwa adabu, akasema kuwa tunazungumza kama khatibu aliye juu ya mimbari. Ama maneno yake yeye, hatukupata illa theluthi. Watu wa Cairo huitamka herufi ya jim kwa sauti ya "ga", na kila neno la pili ni la mtaani, halimo katika nahau. Tafadhalini likumbukeni jambo hili, maana tutalirejea. Si la kuchekesha tu.

MARISTANI YA SULTANI QALAWUN

Siku ya pili tulikwenda katika barabara ya al-Mu'izz, mahali panapoitwa Bayna al-Qasrayn. Hapo yapo majengo ya Sultani al-Mansur Qalawun, yaliyojengwa mwaka 1284 na 1285: msikiti na madrasa, kaburi lake, na nyuma yake palipokuwa maristani, yaani hospitali. Wanahistoria wameandika kuwa Qalawun, kabla ya kuwa sultani, aliugua huko Damascus akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika maristani ya Nuruddin, akaweka nadhiri kuwa Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake Misri.

Akatimiza. Palikuwa na sehemu ya wenye homa, sehemu ya wagonjwa wa macho, sehemu ya wa kupasuliwa, na ya wanawake mbali. Aliingia tajiri na maskini, huru na mtumwa, wala hakulipa mtu. Gharama zote zilitoka katika wakfu: maduka na majumba ambayo kodi zake ziliwekewa hospitali. Na palikuwa na mahali pa mkuu wa matabibu kukaa na kufundisha. Mwanafunzi hakusoma kitabu peke yake, bali alisoma kitabu na mgonjwa yuko mbele yake.

Miongoni mwa matabibu wakubwa wa Cairo wa zama hizo ni Ibn al-Nafis, aliyefariki humo mwaka 1288. Yeye ndiye aliyeandika, katika sherehe yake ya sehemu ya umbile la mwili katika kitabu cha Ibn Sina, kuwa damu haipiti katika ukuta ulio baina ya vyumba viwili vya moyo, kama walivyoamini watu tangu zama za Galen, bali huzunguka kupitia mapafuni. Alipofariki aliiachia maristani hiyo nyumba yake na vitabu vyake.

Na hapa ipo ibra kwa kijana anayetaka kwenda ng'ambo. Maandishi hayo ya Ibn al-Nafis yalisahauliwa karne nyingi. Mwaka 1924 kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari Ujerumani katika mji wa Freiburg, aliyakuta katika maktaba ya Berlin, akayaandikia risala ya shahada yake. Tazameni! Mwanafunzi mgeni, katika nchi ya mbali, aligundua hazina ya mji wa kwao. Lakini lau kama hakujua Kiarabu na hakujua tiba, vyote viwili, angalipita mbele ya kitabu kile kama apitavyo mtu mbele ya ukuta.

KASR AL-AINY

Kutoka huko tulikwenda Kasr al-Ainy, kando ya Nile, ambako ndiko kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Cairo. Asili ya skuli hii ni mwaka 1827, pale Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipomwamrisha daktari wa Kifaransa, Clot, kufungua skuli ya tiba huko Abu Zaabal, nje ya mji. Mwaka 1837 ikahamishiwa Kasr al-Ainy. Yafaa ijulikane kuwa wanafunzi wake wa mwanzo walitolewa katika Azhar. Walikuwa vijana wa msikitini, waliokwisha kuhifadhi na kuzoea kusoma. Mwalimu alisema kwa Kifaransa, mkalimani akafasiri kwa Kiarabu, nao wakaandika.

Mwaka 1832 Clot aliwachukua wanafunzi kumi na wawili mpaka Paris. Huko walitahiniwa mbele ya wakuu wa tiba, wakasoma zaidi, kisha wakarudi Misri kufundisha na kufasiri vitabu. Khabari hii tuliizungumza sana na jirani yetu jioni ile, kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo, kwa rai yetu, ndiyo mizani ya kila safari ya udaktari: msingi kabla ya kuondoka, mtihani wa kweli huko uendako, na kazi inayokungoja urudipo. Likikosekana moja, safari imechechemea.

MSINGI KABLA YA KUONDOKA

Ama msingi, wa kwanza ni masomo yenyewe. Udaktari hauingiliwi kwa sifa za ukoo. Mtu asiyefaulu Kemia na Biolojia kwao, kisha akaambiwa na dalali kuwa nchi fulani haijali mambo hayo, na ajue kwamba anauziwa taabu. Hata akipokewa huko, siku ya kurudi ataulizwa aliingia kwa cheti gani.

Msingi wa pili ni karatasi. Tuliwakuta vijana wa Afrika Mashariki pale Cairo waliopoteza mwaka mzima kwa kukosa mhuri mmoja. Hutakiwa hati ya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, pasipoti na cheti cha afya. Vyeti hupigwa mihuri ya kuthibitishwa nyumbani, katika wizara na katika ubalozi, na hufasiriwa Kiarabu panapotakiwa. Jina liwe moja katika karatasi zote. Kijana aliyeandikwa Mohamed katika cheti kimoja na Muhammad katika kingine, mwenye ofisi humwona kuwa ni watu wawili. Na wakati ni mfupi: matokeo ya kidato cha sita hutoka aghlabu mwezi wa Julai, na vyuo vya Misri hufunguliwa baina ya Septemba na Oktoba. Basi mwenye nia na aanze kukusanya hati kabla ya matokeo, asingoje.

Msingi wa tatu ni kupeleka maombi kwa mlango ulio wazi. Misri ina daftari la Serikali katika intaneti liitwalo "Udrus fi Misr", maana yake Soma Misri, ambalo kwalo wanafunzi wa kigeni hupeleka maombi yao katika vyuo vikuu. Ama Azhar ina njia zake khasa. Twasema haya kwa sababu madalali wa masomo wamekuwa wengi. Mzee mmoja katika wilaya yetu alimpa dalali fedha ya mwaka mzima kwa ahadi ya nafasi ya udaktari, na mwanawe alipofika huko, ambako si Misri, alikuta ameandikishwa katika darasa la lugha tu, na chuo cha tiba hakina khabari naye. Fedha haikurudi. Dalali anayetaka vyeti vya asili vikae kwake, au anayetaka malipo yaingie mkononi mwake badala ya hazina ya chuo, mkimbieni kama mnavyokimbia nyumba inayoungua.

AZHAR NA KITIVO CHAKE

Wengi hapa petu hudhani kuwa Azhar ni chuo cha dini peke yake. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1961, ambapo kwa sheria ya 103 ya mwaka huo vitivo vya tiba, uhandisi na vinginevyo viliongezwa juu ya vile vya sharia, lugha na usuli wa dini. Mwanafunzi wa tiba wa Azhar husoma pia masomo ya dini, na wasichana wana kitivo chao mbali na cha wavulana, jambo ambalo wazazi wengi wa kwetu hulipenda. Wageni wengi wanaopata msaada wa masomo wa Azhar hukaa katika mji wa wanafunzi uitwao Madinat al-Bu'uth, uliofunguliwa mwaka 1959. Tuliwaona humo vijana wa Indonesia, Nigeria na Comoro wakifua nguo na kubishana juu ya mpira kwa Kiarabu kimoja.

Lakini isidhaniwe kuwa kila aendaye Azhar kwa jina la dini huweza kuhamia tiba atakapo. Cheti chake hupimwa kama ni sawa na cha sekondari cha Azhar, na Kiarabu chake hupimwa pia. Asiyekijua hupelekwa kwanza kukisoma, na kipo kituo cha Sheikh Zayed kwa wasiokuwa Waarabu.

LUGHA YA MGONJWA

Sasa turejee jambo tulilowataka mlikumbuke. Katika vyuo vya serikali vya Misri somo la tiba husomeshwa kwa Kiingereza. Kijana wa jirani yetu alifurahi sana kusikia hivyo, akasema, "Basi Kiarabu si lazima." Akajibiwa na mwanafunzi mmoja wa Afrika Mashariki aliye karibu kumaliza, "Mwalimu wako atasema Kiingereza. Mgonjwa wako je?"

Akatueleza kuwa miaka ya mwanzo mtu hupita kwa vitabu. Kisha huingia wodini, na hapo hukutana na mama kutoka shamba, ameshika tumbo, anasema yeye ni "ta'bana". Kitabu cha nahau kitakuambia kuwa maana yake ni mwenye kuchoka. Kwa Mmisri maana yake pia ni mgonjwa. Sisi tukacheka, maana neno hilo tunalo: mgonjwa wetu akizidiwa twasema yu taabani. Lakini yapo mengi mengine ambayo hatunayo. Na mwanafunzi asiyejua kuuliza maumivu yameanza lini, yamekaa wapi, na yanakwenda wapi, basi huyo amesomea maiti na vitabu, hakusomea wagonjwa. Na hivi ndivyo ilivyo vilevile kwa anayekwenda Urusi, China au Uturuki. Tangazo la chuo litasema masomo ni kwa Kiingereza, na litakuwa limesema kweli, lakini wagonjwa hawakuandika tangazo hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chuo kina majengo mangapi, ulizeni: je, mwanafunzi mgeni huingia wodini? Huwagusa na kuwasemesha wagonjwa, au husimama nyuma ya wenyeji?

MTIHANI NA MAREJEO

Imepokewa katika Hadithi, naye Abu Daud ameitaja, kuwa mwenye kujitia utabibu hali ya kuwa hakujulikana kwa utabibu, madhara yatakayotokea ni dhamana yake. Na huko Baghdad mwaka 931, mtu mmoja alipokufa kwa kosa la tabibu, Khalifa al-Muqtadir aliamrisha asitibu mtu illa aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Wanahistoria wametaja kuwa waliotahiniwa walizidi 860. Basi mtihani wa daktari si ukoloni wala si husuda. Ni haki ya mgonjwa.

Hii ndiyo sababu daktari aliyesoma ng'ambo haanzi kazi kwa shahada peke yake. Tanzania Bara wapo Baraza la Madaktari Tanganyika, wanaosajili madaktari, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inayotambua shahada za nje. Kenya lipo baraza lao, nalo huwatahini waliosoma nje kabla ya kuwaruhusu kuingia katika mafunzo ya kazi hospitalini. Yafaa mzazi aulize maofisi haya KABLA ya kulipa, wala si baada ya miaka saba: je, chuo hiki mnakitambua? Je, cheti cha kijana wangu kinatosha?

Na swali jingine ni la amani. Vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, na vilipozuka Sudan Aprili 2023, wanafunzi wa tiba kutoka Afrika walikimbia na masomo yao yakakatika katikati. Hakuna ajuaye ghaibu illa Mwenyezi Mungu, lakini mtu huchukua tahadhari. Mwanafunzi aweke kila mwaka nakala ya alama zake zilizopigwa mhuri, na apeleke nyingine nyumbani. Ikitokea dharura, karatasi hiyo ndiyo itakayomwombea nafasi kwingine.

SHAMBA LA MINAZI

Ama gharama, wazee wengi huhesabu mwaka wa kwanza tu. Kwa mpango wa sasa wa vyuo vya Misri udaktari ni miaka mitano ya masomo na miwili ya mafunzo ya kazi, na kabla yake huenda ukawapo mwaka wa lugha. Ada ya mgeni anayejilipia huhesabiwa kwa fedha za kigeni, nazo hupanda ilhali shilingi hushuka. Tulikaa na jirani yetu katika mkahawa karibu na Azhar, tukaandika hesabu yote nyuma ya bahasha: ada, chumba, chakula, vitabu, nauli. Thamani ya shamba ilifika mwisho katika mwaka wa nne. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi ningalikuwa sina shamba wala daktari."

Hakuuza. Aliporudi Tanga aliandika barua mbili, moja kwa Baraza na moja kwa chuo, na kijana akapeleka maombi Misri kwa kutaka msaada wa masomo, na pia katika vyuo vya nyumbani, kikiwamo Muhimbili, ambako madaktari wamekuwa wakisomeshwa tangu mwaka 1963. Kusoma nyumbani si unyonge. Wodi za kwetu zina wagonjwa wanaosema lugha yetu na maradhi ya kwetu, nayo ni madrasa ambayo mgeni huja kuitafuta. Tunapoandika haya majibu ya Misri hayajafika, na kijana hakukaa bure: kila baada ya Isha huja kwetu kusoma Kiarabu, na huwasikiliza Wamisri redioni ili sikio lake lizoee.

Lakini tumebaki na fikra moja tuliyoichukua kwa Qalawun. Hospitali yake haikusimama kwa mtu mmoja kuuza urithi wake, bali kwa wakfu uliozaa kila mwezi. Mitaa yetu hukusanya fedha za harusi na za maziko kwa muda wa siku mbili. Je, haiwezi kuweka wakfu shamba moja au duka moja, mapato yake yamsomeshe kijana mmoja mwenye akili na maskini, kwa sharti la kurudi kututibu? Shamba lililouzwa limekwisha zaa mara ya mwisho. Shamba la wakfu litasomesha wa leo na wa kesho, na mwenye kuliweka ataandikiwa thawabu hali ya kuwa yumo kaburini.

Basi enyi wazazi, ulizeni kabla ya kulipa, hesabuni miaka yote, wala msimpeleke mtoto ng'ambo kwa fahari ya kusemwa mtaani. Na nyinyi vijana, jueni kuwa mtu hawi daktari kwa umbali aliokwenda, bali kwa wale waliomtahini wakamridhia, na kwa mgonjwa aliyemwamini akamwonyesha panapomuuma. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya elimu yenye manufaa, awahifadhi wanetu walioko ugenini, na awarudishe kwetu wakiwa matabibu wa kweli. Amin.